Jumamosi za Majembe

Mgeni akishuka Gisenyi, hapa Rwanda, na kuuliza njia ya kwenda uwanja wa mpira, ataambiwa aelekee Umuganda. Ndilo jina la uwanja ambao Etincelles na Marines huchezea nyumbani, ule uliowapokea Uganda, Mali, Zambia na Zimbabwe kwenye mashindano ya CHAN mwanzoni mwa 2016. Umuganda ni jina la akagari pia, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, hapa hapa mjini. Miji mingine huvipa viwanja vyake majina ya marais au tarehe za uhuru. Sisi wetu tumeuita kwa jina la kazi ya mikono, na kwangu mimi hilo limekuwa jambo la heshima siku zote.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma: umuganda ni ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5, kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 anatakiwa atoke na jembe, panga au ufagio. Maduka hufungwa, pikipiki hazibebi abiria, barabara inakuwa nyeupe kuanzia mpakani hadi njia ya Kigali. Sheria ya Novemba 2007 ndiyo iliyouweka hivyo, na asiyetoka bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Kazi ikiisha watu huketi, viongozi wakasema yao, wananchi wakauliza yao, kisha kila mtu akarudi kwake kuoga.

Huo ndio umuganda wa leo. Sisi tuliozaliwa miaka ya sitini tuliukuta mwingine, na wazee wetu walituhadithia mwingine wa zamani zaidi.

Marehemu baba alikuwa fundi mwashi. Tuliishi Majengo, mtaa wa Waswahili, lakini shamba letu lilikuwa Rugerero, upande wa mto Sebeya. Alikuwa akisema kwamba katika ujana wake, huku Bugoyi, nyumba ya mtu ikiungua au mjane akikosa paa, majirani walikuwa wakiitana. Huyu analeta nguzo, yule analeta nyasi, wanawake wanakanda udongo, na jioni chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati. Waislamu wa Majengo walipikiwa chai na wali. Hakukuwa na mtu wa kuandika majina, kwa sababu asiyefika alijulikana, na siku yake ya shida ilikuwa inakuja.

Pembeni ya kazi hiyo kulikuwa na nyingine. Kulikuwa na uburetwa, kazi aliyodaiwa mkulima na mtemi wake tangu enzi za mfalme Rwabugiri, na baadaye wakoloni wa Kibelgiji wakaiongezea kazi zao za barabara na za mashamba, na kiboko juu yake. Kwa macho ya mpita njia kazi hizo mbili zilifanana: watu wengi mlimani, majembe juu, majembe chini. Baba alizitenganisha kwa swali moja tu: nani kaitisha? Alilirudia swali hilo kila serikali ilipokuja na jambo jipya, na umri unavyosogea ndivyo ninavyoona uzito wake.

Juvénal Habyarimana alichukua madaraka Julai 1973. Mwaka 1974 akautangaza umuganda kuwa wajibu wa kila raia, na mwaka 1975 akaunda chama chake cha MRND, ambacho kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Rais mwenyewe alikuwa mtu wa mkoa wa Gisenyi, wa Karago, kwa hiyo huku kwetu hakuna diwani aliyetaka mlima wake uonekane uko nyuma. Umuganda wa wakati huo ulikuwa wa kila wiki, sio wa kila mwezi. Kila wiki asubuhi moja ilikuwa ya serikali.

Nazikumbuka vizuri Jumamosi zile za Rugerero. Bwana shamba alikuja na vijiti vitatu vilivyofungwa kwa umbo la herufi A, katikati kukining'inia kamba yenye jiwe. Alitembea na chombo hicho mlimani hatua kwa hatua kama mtu anayepima shuka, mguu mmoja wa kile chombo ukibaki chini huku mwingine ukizunguka, na kamba ilipotulia kwenye alama ya katikati alisema "hapa", nasi watoto tukapigilia kigingi. Vigingi vikishaufuata mlima, watu wazima wakajipanga nyuma yake na kuchimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko. Udongo waliutupia upande wa juu, na juu ya tuta tukapanda majani ya kulisha ng'ombe ili mizizi yake iushike. Saa zilikuwa zinakwenda na jua linawaka, lakini ilipofika adhuhuri ungesimama upande wa pili wa bonde ukaiona mitaro yote imeupiga mlima mistari, na moyo wa mtoto ulijaa.

Nitasema haki yake: mitaro ile ilifanya kazi. Mvua ilipopiga, udongo ulibaki shambani, na maharage ya baba yalizaa. Mikono hiyo hiyo ilijenga madarasa na zahanati, ikafungua njia ambazo magari yanapita hadi leo. Anayesema umuganda wa zamani ulikuwa dhuluma tupu hakuishi mlimani kwetu.

Lakini daftari lilikuwepo. Msaidizi wa diwani alisimama na kalamu, na asiyeandikwa alitozwa faini au alilala mahabusu ya komuni. Siku nyingine tuliitwa kuimba na kucheza kwa kukisifu chama, na hilo nalo lilihesabiwa kuwa maendeleo. Halafu kulikuwa na jambo ambalo nilikuja kulielewa ukubwani. Katika miaka hiyo hiyo tuliyokuwa tukichimba mitaro Rugerero, juu yetu, huko Sebeya inakoanzia, msitu wa Gishwati ulikuwa ukikatwa ili kupata malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari, kwa miradi ya serikali na pesa za wafadhili. Miaka ya sabini Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Baada ya miradi hiyo, na baada ya watu kuingia kutafuta ardhi kufuatia vita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Jumamosi tulichimba mitaro ya kuyazuia maji bondeni, na siku za wiki ile miti iliyokuwa ikiyashika ikaanguka mlimani. Watu wa kando ya Sebeya hawakuulizwa lolote kuhusu msitu. Tuliitwa kuchimba tu.

Vita vilianza Oktoba 1990. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa, na jambo la kwanza ambalo watu wengi walifanya na uhuru huo mpya lilikuwa kuacha kutoka Jumamosi. Daftari likafunguliwa, likakosa majina. Wakati huo nilimwona jirani yetu wa shamba akivunja tuta kwa jembe na kulisukumia ndani ya mtaro ili apate mstari mmoja zaidi wa viazi. Mtaro ule alikuwa ameuchimba mwenyewe, nami ndimi niliyempigilia vigingi.

"Mzee, mbona unafukia ulichokichimba?" baba akamuuliza.

"Haukuwa wangu huu," akajibu bila kuinua kichwa. "Ulikuwa wa diwani."

Baba hakubishana naye. Misimu michache baadaye mlima mzima ulikuwa hauna mistari tena.

Kisha ikaja 1994. Kuna mambo ambayo mtu wa Gisenyi hayaandiki kwa urefu bila sababu, lakini hapa sababu ipo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakuhitaji kuunda ngazi mpya za kuwakusanya watu. Ngazi zilikuwepo tayari: diwani, mkuu wa serire aliye chini yake, daftari la kila kaya, doria ya usiku, desturi ya kutoka ukiitwa. Wauaji waliita uovu wao "kazi", wakazungumza habari za kufyeka vichaka, maneno yale yale tuliyoyasikia Jumamosi tangu utotoni. Watu wakatoka na mapanga yale yale. Hapa mjini wengi waliuawa na kutupwa kwenye makaburi ya Komini Ruji, mahali ambapo leo kuna mnara wa kumbukumbu. Tangu hapo sijaweza kuisifu nidhamu ya kuitikia wito peke yake. Mji unaotoka wote kwa wito mmoja ni mji wenye nguvu kubwa, na swali la nani kaitisha, na kwa ajili gani, linabeba uhai wa watu.

Ndiyo maana umuganda uliporudishwa mwaka 1998 wengi wetu tuliupokea kwa ukimya. Gisenyi ilikuwa bado inatoka kwenye vita vya waasi wa abacengezi vya 1997 na 1998, barabara ya Ruhengeri ilikuwa ya hofu, na jirani hakuwa na hakika na jirani. Kazi za mwanzo zilikuwa nyumba: za manusura, za wajane, za waliorudi kutoka uhamishoni. Nilikuwepo kwenye ujenzi wa mojawapo. Watu walipokezana matofali ya udongo kwa mstari, kutoka mkono hadi mkono, asubuhi nzima bila mazungumzo. Nilimtazama mwanamke mmoja akipokea tofali kutoka kwa mtu ambaye hakutaka kumtazama usoni, akalipokea, akalipitisha. Nyumba ikafika kwenye linta siku ile ile. Hakuna hotuba ya upatanisho niliyoisikia baadaye iliyonigusa kama mstari ule wa matofali.

Mambo yakaenda yakijengeka. Mwaka 2006 mikoa ya zamani ikavunjwa, Gisenyi ikawa mji wa wilaya ya Rubavu, jina la mlima unaotuinamia. Elimu ya msingi ya miaka tisa ilipoanza 2009, wazazi walibeba mawe na mchanga Jumamosi hadi madarasa yakasimama. Ukivuka mpaka mdogo kwenda Goma utakuta wenzetu wana salongo yao tangu enzi za Mobutu, na Wakenya wana harambee yao tangu 1963. Tanzania nako, Desemba 9, 2015, Rais Magufuli aliifuta sherehe ya Uhuru na kuwaambia watu washike mafagio. Kwa hiyo jambo lenyewe si la Rwanda pekee. Kilicho chetu ni jinsi tulivyolisambaza hadi likaingia kila mahali.

Maana umuganda ni kipande tu. Mahakama za gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza karibu kesi milioni 2, ziliendeshwa na majirani wasiolipwa mshahara. Ugomvi wa mipaka ya shamba na wa urithi hupelekwa kwanza kwa abunzi, wasuluhishi saba waliochaguliwa na wananchi wenzao, ambao nao hawana mshahara. Mkuu wa kijiji hana mshahara, na nchi ina vijiji 14,837. Chini yake kuna isibo, kundi la kaya chache, na kiongozi wake naye anajitolea. Doria ya usiku kwa miaka mingi ilikuwa zamu ya wanaume wa mtaa, kabla ya sehemu nyingi kuanza kuchanga ili kuwalipa vijana wa kuifanya. Ukiihesabu hivyo utaona kwamba sehemu kubwa ya serikali mwananchi anayokutana nayo wiki hadi wiki imebebwa na watu wasio kwenye orodha ya mishahara.

Wanaonigusa zaidi ni washauri wa afya, wale ambao Tanzania wanaitwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao ulianza 1995, wakati hospitali zimebaki kuta, na leo kila kijiji kina wake. Jirani yangu mmoja ni mshauri kwa miaka mingi, mama wa makamo anayeuza nyanya na vitunguu karibu na mpaka mdogo. Usiku akigongewa mlango, anachukua sanduku lake la dawa na kuketi na mtoto mgonjwa mapajani. Anafungua kifua cha mtoto, anawasha saa yake ndogo ya kuhesabia pumzi, na midomo yake inacheza bila sauti huku mbavu zikipanda na kushuka. Mama wa mtoto haruhusiwi kusema neno kwa dakika hiyo nzima. Kisha anachoma kidole kutafuta malaria, anauzungushia mkono wa mtoto ule utepe wenye rangi tatu wa kupimia utapiamlo, na kama pumzi zimezidi anatoa dawa na kueleza mara mbili namna ya kuiyeyusha. Akimaliza anaandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wa darasa la sita, ulionyooka kuliko wa madaktari. Asubuhi yuko sokoni, macho mekundu, na nyanya zake zimechelewa.

Wana ushirika wao, na ushirika hupata fedha kulingana na kazi iliyofanyika, nazo huingia kwenye miradi na sehemu ndogo hugawanywa kwa wanachama. Nilimuuliza zamani kama zinatosha. Akaniambia, "Kaka, zinatosha sabuni ya kunawa mikono." Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mimi naona aibu kwamba baada ya miaka yote hii, na baada ya nchi kusifiwa duniani kwa kupunguza vifo vya watoto, mkono uliofanya kazi hiyo bado unauza nyanya kwa usingizi. Uingereza, David Cameron alipoingia madarakani 2010, alihubiri kwamba wananchi wachukue wenyewe huduma za mitaa yao, huku bajeti za halmashauri zikikatwa, na wapinzani wake wakamwambia kwamba kujitolea kumegeuzwa kuwa njia ya kutolipa. Hali yetu si ile, maana sisi tulianza bila kitu cha kukata. Onyo lenyewe hata hivyo linatuhusu. Mwaka 1995 kumwomba mama huyu ajitolee kulikuwa na maana, kwa sababu hakuna aliyekuwa na chochote. Leo mji una hoteli ufukweni hadi Nyamyumba.

Na wala watu wa mji huu hawahitaji kufundishwa kujitolea. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na uji wa moto ukaikata Goma katikati, mamia ya maelfu walivuka kuja kwetu kwa miguu. Vyakula vilivyokuwa majikoni vilitoka barazani kabla lori la kwanza la msaada halijaonekana. Ilipolipuka tena jioni ya Mei 22, 2021, umuganda ulikuwa umesimamishwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona. Ilikuwa Jumamosi, bila wito, bila daftari. Anga lilikuwa jekundu, barabara ya mpakani imejaa watu wenye magodoro kichwani, na milango ya Majengo na Mbugangari ilikuwa wazi. Nyumbani kwetu alilala mama mmoja wa Birere, upande wa Goma, na watoto wake, na bibi yao aliyekataa kitanda akakaa kwenye kiti hadi alfajiri na ufunguo wa nyumba yake mkononi. Matetemeko yalipofuata na kuta zetu zikaanza kupasuka, wao ndio waliotusaidia kutoa makabati nje.

Kisha Sebeya. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua ilinyesha juu ya milima iliyovuliwa nguo miaka arobaini kabla, na mto ukashuka na udongo, miti na mawe. Magharibi na Kaskazini mwa nchi watu zaidi ya 130 walikufa, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Nilifika Rugerero asubuhi hiyo. Vijana walikuwa wamefika kabla yangu, matope magotini, wakichimba mlangoni mwa nyumba ambayo ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda na maji. Walichimba kwa majembe na kwa sufuria. Mashine zilikuja baadaye, na serikali ikaja na mahema, chakula na mpango mkubwa wa kuutengeneza mto. Vyote vilihitajika. Lakini saa zile za kwanza zilikuwa za majirani.

Nilipanda hadi lilipokuwa shamba la baba. Mahali pa ule mtaro uliofukiwa kwa ajili ya mstari wa viazi palikuwa na korongo. Siwezi kusema kwamba mtaro mmoja ungeuzuia mto. Hata hivyo ilikuwa mitaro mingi, mlima hadi mlima, nayo iliachwa kwa sababu moja: waliochimba hawakuihesabu kuwa yao.

Hapo ndipo majuto yangu yanapokaa ninapoziangalia Jumamosi za leo. Umuganda wa sasa hauna uzito wa ule wa chama. Hauli asubuhi ya kila wiki, haupeleki mtu mahabusu usiku, na baada ya kazi kuna kikao. Kikao hicho ndicho nilichokipenda zaidi miaka ya mwanzo, miaka ya 2000, tulipokaa juu ya majembe yaliyolazwa na kubishana hadi saa 7 kama tuanze na chemchemi au njia ya kwenda shule. Mabishano yalikuwa makali, na kazi iliyochaguliwa hivyo haikuhitaji kusimamiwa. Siku hizi kikao kimekuwa kifupi. Kazi mara nyingi huja imeshapangwa, matangazo yanasomwa, picha zinapigwa kwa simu ili zipelekwe juu, na watu wameshaanza kusimama kabla ya neno la mwisho. Wenye uwezo wanabaki ndani wamefunga geti hadi saa 5 ipite. Vijana wetu wanajua kufyeka vizuri sana. Kushindana kwa hoja mbele ya wazee juu ya kazi gani ifanywe, hilo hawajalipata.

Mwaka mmoja, katika kijiji ambacho sitakitaja, kikao kilikubaliana kwamba Jumamosi inayofuata itatengenezwa daraja la miti ambalo watoto hupitia kwenda shule. Siku ilipofika ikaja amri ya kufyeka majani kando ya barabara kuu, kwa kuwa wageni walikuwa wanapita wiki hiyo. Watu wakafyeka, na barabara ikapendeza. Daraja lilitengenezwa siku ya Jumanne na wazazi saba, baada ya kazi zao, kwa mbao walizochanga wenyewe. Miezi ikapita na mvua nyingi zikanyesha, na ubao ukilegea kuna mtu anaupigilia msumari kabla ya jioni. Majani ya barabarani yaliota tena.

Siombi umuganda ufutwe. Nchi nyingi zingetamani kuwa na asubuhi moja ambayo waziri na muuza mkaa wanashika jembe mlima mmoja. Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana bila kubadilisha sheria. Katika Jumamosi 12 za mwaka, sita ziwe za mipango ya taifa na ya wilaya: miti, usafi, kumbukumbu za mauaji ya kimbari za Aprili. Sita zibaki mikononi mwa kijiji, na uamuzi wa kikao usitanguliwe na wageni wowote. Washauri wa afya walipwe posho inayoingia mkononi kila mwezi, hata ikiwa ndogo, kwa jina la kila mmoja. Na matuta mapya yanayochongwa juu ya Sebeya, mengi kwa malipo ya vibarua, yakabidhiwe rasmi kwa kaya zilizo chini yake, kila kaya na kipande chake, kabla mradi haujafunga ofisi.

Mvua za masika huanza Machi. Kikao cha Jumamosi ya mwisho ya Januari kinatosha kuamua ni mitaro ipi izibuliwe kwanza. Watu wa Kanama, Nyundo na Rugerero, kando ya Sebeya, wanaijua mmoja mmoja. Viongozi wa vijiji, waulizeni kabla ya kuwaita.